Sura ya 6: Je, Udongo Unalisha?

"Kikombe kimoja dola 36? Si dukani kinauzwa dola 4?"

Swali hilo huulizwa kwenye kila meza ya mfinyanzi, na katika jimbo la Kentucky meza hizo ni nyingi. Utazikuta kwenye maonyesho ya sanaa ya St. James Court, yaliyoanza mwaka 1957 na ambayo hadi leo hufanyika mwanzoni mwa Oktoba kati ya nyumba za zamani za mtaa wa Old Louisville. Utazikuta pia kwenye masoko na tamasha za miji midogo ya eneo la Louisville, Jeffersontown ukiwa mmojawapo.

Msomaji aliyehamia huku kutoka Bukavu, Kigoma au Kisumu huliuliza swali hilo kwa mshangao zaidi. Kule alikokulia, chungu ni kitu cha bei ya chini, kazi ya bibi fulani anayejulikana kijiji kizima, na bibi huyo si tajiri. Wahenga walishasema mfinyanzi hulia gaeni: anawafinyangia wenzake vyombo vizima, mwenyewe anakula kwenye kipande kilichovunjika. Basi mtoto aliyesomeshwa kwa taabu akisema anataka kuwa mfinyanzi, mzazi ana haki ya kuuliza atakula nini.

Sura hii inajibu maswali yote mawili, la bei na la riziki, kwa sababu jibu lake ni moja. Udongo hulisha. Lakini ustadi wa kufinyanga peke yake haujawahi kumlisha mtu vizuri, si Kentucky wala Kyela nchini Tanzania. Anayeshiba ni yule anayeishika njia nzima, kuanzia mfuko wa udongo hadi mkono wa mnunuzi.

Mfinyanzi wa karakana ni nani?

Tuanze na asiye yeye. Mwaka 1901 kampuni ya sabuni ya Larkin, mjini Buffalo katika jimbo la New York, ilianzisha kiwanda cha vyombo kilichoitwa Buffalo Pottery. Larkin iliwavutia wateja kwa zawadi: ukinunua sabuni, unajipatia na sahani. Sahani zikahitajika kwa wingi, zikatengenezwa kwa wingi. Kila mfanyakazi alikuwa na hatua yake moja. Mmoja alimimina udongo kwenye kalibu, mwingine alibandika picha, wa tatu alilisha tanuri. Chombo kilipotoka, hakuna aliyeweza kusema, "Hiki ni changu."

Mfinyanzi wa karakana ni kinyume cha mpango huo. Ni mtu anayefanya kazi peke yake au na wasaidizi wachache, na unaweza kumtambua kwa mambo matatu:

- Anabuni umbo mwenyewe na kulitengeneza mwenyewe.
- Anaamua mwenyewe udongo gani, rangi gani na moto gani.
- Anatia muhuri au sahihi yake kwenye kitako cha chombo, na kukiuza kwa jina lake.

Kazi ya namna hii ilipata nguvu kubwa mwaka 1920, Mwingereza Bernard Leach na Mjapani Shoji Hamada walipojenga karakana na tanuri katika mji wa St Ives, kusini-magharibi mwa Uingereza. Walishikilia kwamba bakuli la kulia chakula linastahili uangalifu ule ule ambao mchoraji huupa picha yake. Wanafunzi wakaja, wakajifunza, wakatawanyika.

Mmoja wao alikuwa Byron Temple, aliyezaliwa katika jimbo la Indiana mwaka 1933. Alifanya kazi St Ives, akarudi Marekani na kufungua karakana Lambertville, New Jersey, kisha baadaye akahamia Louisville. Huko ndiko alikofariki mwaka 2002. Mwingine alikuwa Michael Cardew, aliyeingia kwa Leach mwaka 1923. Yeye alielekea Afrika, akafundisha Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, halafu akaanzisha kituo cha ufinyanzi Abuja ya zamani nchini Nigeria, mji ambao sasa unaitwa Suleja. Kituo hicho tutakirudia, kwa maana binti mmoja wa Nairobi alipita hapo.

Ndani ya tanuri kuna nini?

Bei ya kikombe haieleweki bila kuujua moto, kwa hiyo tuingie jikoni mwa mfinyanzi.

Udongo wa mfinyanzi ni mwamba uliooza kwa muda mrefu sana hadi ukawa chembe bapa, ndogo mno. Maji yakiingia katikati ya chembe hizo, zinateleza bila kuachana, na ndiyo maana udongo unakubali kuvutwa, kukunjwa na kubaki ulivyowekwa. Kentucky imebarikiwa. Magharibi mwa jimbo, karibu na mji wa Mayfield, huchimbwa udongo laini sana ambao wafinyanzi wa Marekani nzima huuagiza na kuuchanganya na mingine. Tanzania nayo ina hazina yake katika vilima vya Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam: kaolini, udongo mweupe unaotumika kutengenezea kauri.

Udongo ukifika karakanani, kazi inakwenda hivi:

1. Kukanda. Mfinyanzi anaukanda kwa nguvu kama unga wa chapati, lakini nia yake ni kutoa hewa na kusawazisha unyevu.
2. Kufinyanga. Tonge linawekwa katikati ya gurudumu linalozunguka. Mikono yenye maji inalituliza, inatoboa shimo, inavuta ukuta kwenda juu. Mzoefu humaliza kikombe kwa dakika chache.
3. Kuchonga na kuunga. Siku ya pili udongo umekaza kiasi cha kushikika. Kitako kinachongwa, kishikio kinaungwa, muhuri unagongwa.
4. Kukausha. Polepole, chini ya plastiki. Kishikio kikikauka kabla ya kikombe, kinapasuka kwenye maungio.
5. Moto wa kwanza. Nyuzi joto karibu 1,050 za Selsiasi. Chombo kinakuwa kigumu lakini bado kinanyonya maji.
6. Glezi. Huu ni uji wa unga wa mawe: silika, ambayo ndiyo mchanga wa kioo, pamoja na vinavyoisaidia kuyeyuka na madini yanayotia rangi. Chombo kinachovywa humo na kuachwa kikauke.
7. Moto wa pili. Kati ya nyuzi 1,220 na 1,300. Glezi inayeyuka na kuwa kioo kilichoganda juu ya udongo, na udongo wenyewe unashikamana kiasi kwamba maji hayapenyi.

Wahenga waliposema udongo uwahi ungali maji, walikuwa wanatoa fundisho la malezi, lakini kila mfinyanzi hulisikia kama amri ya kazi. Hatua ya tatu ina saa zake. Ukichelewa, kishikio hakishiki. Ukiwahi mno, kikombe kinabonyea mkononi. Ndiyo sababu mfinyanzi hawezi kuahirisha kazi kwa kuwa mgeni amekuja.

Hali ya hewa nayo ina kauli yake. Katika bonde la mto Ohio majira ya joto huwa na unyevunyevu mzito, na vyombo hukawia kukauka. Wakati wa baridi kali, chombo kibichi kilichosahauliwa kwenye gereji isiyo na kipasha joto huganda barafu, na barafu ikiyeyuka kinamomonyoka.

Na moto hupimwaje? Kwa muda mrefu ulipimwa kwa jicho: mtu alichungulia tunduni na kusoma rangi ya mwako. Edward Orton, aliyeanzisha masomo ya uhandisi wa ufinyanzi katika chuo kikuu cha jimbo la Ohio mjini Columbus mwaka 1894, alianza miaka miwili baadaye kutengeneza koni za kupimia moto. Wazo la koni lilikuwa limekwisha kufanyiwa kazi Ujerumani. Yeye alizisambaza Amerika. Koni hizo ni vijipembe vidogo vya udongo na madini, kila kimoja na namba yake. Kijipembe kikifikiwa na kiasi chake cha joto na muda, kinalegea na kuinama. Mpaka leo wafinyanzi huulizana, "Unachoma koni ya ngapi?" Koni 6 na koni 10 ndizo zinazotajwa zaidi kwa vyombo vya mezani, ya 10 ikiwa ya moto mkali zaidi.

*Kwa ufupi: kikombe kimoja hupita moto mara mbili na mikono mara nyingi, kwa muda wa wiki moja hadi mbili. Kikiharibika hatua ya mwisho, kazi yote iliyotangulia imekwenda nacho.*

Hesabu ya kikombe

Sasa turudi kwenye dola 36. Hesabu ifuatayo ni ya mfano, na kila karakana ina tarakimu zake, lakini umbo la hesabu ni hilohilo.

Mfinyanzi wetu anafinyanga vikombe 40. Vinne vinapasuka au glezi yake inaharibika, anabaki na 36. Nusu anaviuza mwenyewe kwa dola 36 kila kimoja. Nusu anavipeleka kwenye duka la sanaa, ambalo kwa kawaida huchukua kati ya asilimia 40 na 50 ya bei, tuseme 50.

- Vikombe 18 alivyouza mwenyewe: dola 648
- Vikombe 18 vya dukani, sehemu yake: dola 324
- Jumla ya mapato: dola 972

Gharama:

- Udongo na glezi: dola 60
- Umeme wa tanuri: dola 30
- Kufungasha na makato ya kadi: dola 52
- Sehemu ya pango la karakana na ada ya banda: dola 250
- Jumla ya gharama: dola 392

Zinabaki dola 580. Ukijumlisha kukanda, kufinyanga, kuchonga, kutia glezi, kupanga tanuri, kufungasha na kusimama mezani, ametumia saa 30. Amepata dola 19 na senti kadhaa kwa saa. Aliyejiajiri Marekani hulipa mwenyewe michango yote ya pensheni na matibabu ya uzeeni, takriban asilimia 15 ya faida, kwa hiyo mkononi anashika karibu dola 16 na nusu. Kodi ya mapato na bima ya afya bado.

Angalia sasa mambo mawili. La kwanza, udongo pamoja na glezi haufiki hata dola mbili kwa kikombe. Mnunuzi anayesema "ni udongo tu" amesema kweli kuhusu udongo. Anacholipia ni saa, moto, pango na vile vikombe vinne vilivyokufa.

La pili ndilo zito zaidi. Vikombe vyote 36 vikipelekwa dukani, mapato ni dola 648, na baada ya gharama zilezile anabaki na dola 256, yaani kama dola nane na nusu kwa saa. Kima cha chini cha mshahara Kentucky ni dola 7.25, kwa hiyo amefanya kazi ya usanii kwa malipo ya kufagia ghala. Vyote vikiuzwa na yeye mwenyewe, mapato ni dola 1,296, na hata gharama za banda zikipanda kidogo, saa yake inakaribia dola 30. Mikono ni ileile, udongo uleule, koni ileile. Kilichobadilika ni nani anayekutana na mnunuzi.

*Kwa ufupi: mfinyanzi anaweza kuzidisha pato lake zaidi ya mara tatu bila kuongeza kikombe hata kimoja. Anayejifunza gurudumu bila kujifunza kuuza amejifunza nusu ya kazi.*

Njia tatu za kula kwa udongo

Wafinyanzi waliofanikiwa hawakupita njia moja. Watatu wafuatao wanatuonyesha njia zilizo wazi zaidi.

*Njia ya kwanza: picha inayopendwa.* Mary Alice Hadley alikuwa mchoraji mjini Louisville. Yeye na mumewe George walikuwa na boti kwenye mto Ohio, na mwishoni mwa miaka ya 1930 alipokosa vyombo vya kuipendeza boti hiyo, akavichora mwenyewe na kuvipeleka kuchomwa kwenye kiwanda cha ufinyanzi cha mjini. Marafiki wakaviona, wakavitaka. Maombi yakazidi mpaka mwaka 1944 wakanunua jengo la karne ya 19 katika barabara ya Story Avenue na kuligeuza karakana.

Hadley hakuwa fundi wa gurudumu. Nguvu yake ilikuwa brashi. Alichora nguruwe, ng'ombe, mashua, mkulima na mkewe, kwa buluu na kijani, moja kwa moja juu ya udongo mbichi. Kisha chombo kilitiwa glezi na kuchomwa mara moja tu, si mbili. Chini kabisa ndani ya kikombe aliandika maneno ya kumwambia mnywaji kwamba mwisho umefika. Mwaka 1952 kazi yake ilitambuliwa na makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York. Alifariki mwaka 1965, lakini wachoraji aliowafundisha wakaendelea na picha zake, na mumewe akaendelea na biashara. Huo ndio ubora wa njia hii: picha inayopendwa inaweza kuishi muda mrefu kuliko mkono ulioianzisha.

*Njia ya pili: maumbo machache yanayorudiwa.* Byron Temple alishika mafundisho ya St Ives: tengeneza vyombo vya matumizi, visivyo na mbwembwe, na uvirudie mpaka mkono uache kubahatisha. Bakuli, jagi, mtungi mdogo wenye kifuniko. Mgeni huiona kazi hiyo kuwa ya kuchosha. Mfinyanzi huona kwamba bakuli la mia mbili halina mafuta ya ziada. Kila kisichohitajika kimekwisha kuanguka. Kibiashara pia kuna faida. Mteja aliyevunja bakuli moja kati ya sita anaweza kuagiza la kuziba pengo, na mfinyanzi anajua tangu mwanzo litakula udongo kiasi gani na dakika ngapi.

*Njia ya tatu: vichache sana, kwa bei kubwa sana.* Magdalene Odundo alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akaenda Cambridge mwaka 1971 kusomea sanaa ya uchoraji wa matangazo. Huko udongo ukamteka. Mwaka 1974 alisafiri hadi Nigeria, kwenye kile kituo alichokianzisha Cardew, akajifunza kwa wanawake wafinyanzi, miongoni mwao Ladi Kwali, ambaye leo sura yake iko kwenye noti ya naira 20. Walimfundisha kusimamisha chombo kwa mikono, kamba ya udongo juu ya kamba, bila gurudumu.

Odundo hatii glezi. Anapaka maji ya udongo laini kabisa, kisha anausugua ukuta mpaka ung'ae wenyewe. Akichoma kwa hewa ya kutosha, chombo kinatoka na rangi ya machungwa iliyoiva. Akikirudisha motoni na kuinyima tanuri hewa, kinageuka cheusi. Kwa mwaka hutoka vyombo vichache mno. Vimewekwa katika makumbusho makubwa ya Ulaya na Marekani, baadhi vimeuzwa mnadani kwa mamia ya maelfu ya pauni, na mwaka 2020 Uingereza ikamtunuku cheo cha Dame.

Njia ya tatu huvutia macho, lakini wanaoishi kwayo ni wachache duniani, na Odundo mwenyewe alifundisha chuoni kwa miaka mingi. Idadi kubwa ya wafinyanzi wa karakana huchanganya: vikombe vya kulipia pango, madarasa ya jioni ya kulipia bima, na mitungi mikubwa miwili mitatu kwa mwaka ya kutafutia jina.

Mbona chungu cha Matema hakiuzwi hivyo?

Kwenye ufukwe wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, upande wa Matema na Ikombe katika wilaya ya Kyela, wanawake wa Kikisi wamefinyanga vyungu kwa vizazi vingi. Vyungu vyao ni vyembamba, vya mviringo uliokamilika, vimepambwa kwa udongo mweupe na mwekundu. Kwa desturi wanaume huvipakia kwenye mitumbwi kwenda kuviuza mwambao mzima wa ziwa, na soko la Lyulilo limejulikana kwa biashara hiyo. Kwa ustadi wa mikono, wanawake hawa hawana cha kuomba kwa mtu wa St Ives.

Wengine hudhani chungu chao ni cha bei ndogo kwa sababu hakikuchomwa kwa tanuri kali. Ni kweli kwamba moto wa wazi, wa kuni na nyasi, hufika takriban nyuzi 600 hadi 900 tu, na chombo hubaki na vitundu. Lakini vitundu hivyo vina kazi. Mtungi hupoza maji kwa sababu maji hupenya kidogo na kukauka kwa nje, yakiondoka na joto. Chungu cha kupikia huvumilia mafiga kwa sababu ukuta wenye nafasi hustahimili moto wa ghafla. Kiweke kikombe cha koni 10 juu ya jiko la mkaa, kitapasuka. Kila moto una chombo chake, na Wakisi walichagua moto unaowafaa wateja wao.

Kilichowapunguzia bei ni mambo mengine. Sufuria ya alumini na ndoo ya plastiki vilichukua nafasi yake jikoni na kisimani. Chungu kilichobaki sokoni mara nyingi hupangiwa bei kwa ukubwa wake, wala aliyekifinyanga hatajwi. Kijijini mfinyanzi ana jina, na watu humchagua kwa jina hilo. Chungu kikishapakiwa mtumbwini, jina linabaki ufukweni. Baina ya mfinyanzi na meza ya mtu wa Mbeya au Dar es Salaam kuna mikono mingi, na kila mkono unachukua chake. Ni hesabu yetu ya vikombe 36 vyote vilivyopelekwa dukani, ila hapa maduka ni manne au matano yaliyofuatana.

Wapo walioutafutia udongo kazi mpya. Nchini Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1980, lilienea jiko la mkaa lenye bati kwa nje na udongo uliochomwa kwa ndani. Udongo huhifadhi joto, mkaa ukapungua, na mafundi wakapata soko ambalo plastiki haiwezi kulinyang'anya.

Wala Marekani si peponi. Kentucky ilikuwa na Bybee, karakana ya ukoo wa Cornelison katika kaunti ya Madison, iliyorithishwa kizazi kwa kizazi tangu karne ya 19. Ilifungwa mwaka 2011. Jina kuu halilipi umeme likiwa peke yake.

Ukitaka kuanza

Tuseme unaishi Jeffersontown, una kazi ghalani au hospitalini, na mikono inakuwasha. Mpangilio huu utakuepusha na hasara za mapema:

- Usinunue tanuri kwanza. Jiunge na karakana ya pamoja, ambako unalipa ada ya mwezi na kutumia magurudumu na tanuri za wote. Louisville ina karakana za aina hiyo.
- Linda mapafu. Vumbi la udongo lina silika, na ukilivuta kwa miaka hukakamaza mapafu. Ugonjwa huo huitwa silikosisi na hauna tiba ya kuuondoa. Usifagie kavu. Futa kwa maji, na vaa barakoa ya vumbi unapochanganya glezi.
- Uliza sheria kabla ya kufunga umeme. Tanuri nyingi za umeme hutaka volti 240 na laini yake peke yake, kwa hiyo mwite fundi mwenye leseni. Louisville na kaunti ya Jefferson viliunganisha serikali zao mwaka 2003, lakini Jeffersontown ilibaki na serikali yake ya mji. Masharti ya biashara ya nyumbani yaulize huko pia.
- Andika kila uchomaji. Udongo gani, glezi gani, koni gani, kimetoka vipi. Baada ya mwaka mmoja daftari hilo litakuwa na thamani kubwa kuliko gurudumu.
- Chagua maumbo matatu, uyarudie. Byron Temple alijenga maisha yake juu ya mabakuli na majagi. Nawe bakuli la uji, kikombe cha chai ya tangawizi na chetezo cha ubani vinaweza kukutosha, maana wateja wa vyombo hivyo unawajua kwa majina.
- Tia bei baada ya hesabu. Jumlisha saa zako pamoja na saa za kuuza, na kodi ya mauzo ya Kentucky, asilimia 6, uitoze juu ya bei.

Na kabla hujaandika barua ya kuacha kazi, fanya jaribio moja. Choma tanuri moja iliyojaa, panga vyombo mezani mahali ambapo hakuna ndugu, jirani wala mtu wa kanisani au msikitini kwako, na uviuze kwa bei kamili. Ndugu hununua ili akutie moyo, mgeni hununua kwa kuwa ameona kitu anachokitaka nyumbani kwake. Meza ikibaki imejaa, umejua cha kurekebisha huku mshahara bado unaingia. Ikibaki tupu, rudia mwezi unaofuata, na unaofuata tena. Fedha ya wageni ikilipia pango miezi sita mfululizo, hapo ndipo barua iandikwe.